Je, pushapu 71 bado ndizo kipimo cha jeshi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafunza mazoezi vijana 14 hapa Likoni, wavulana tisa na wasichana watano, wote wanangojea usajili wa jeshi. Ukutani nina jedwali nililoachiwa na aliyenifunza mimi: pushapu 71 kwa dakika mbili, sitapu 78 kwa dakika mbili, na mbio za maili mbili kwa dakika 13. Sasa kijana mmoja amekuja na programu ya simu inayosema majaribio ni sita. Mwingine ana video inasema ni matano, na sitapu hazimo kabisa. Wasichana nao wanauliza mbona kwenye jedwali langu wana safu yao peke yao, na kwingine wanasikia namba ni moja kwa wote. Lipi ni sahihi? Na mbona viwango havitulii? Wawili kati yao wameanza kulalamika kiuno. — Kocha, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jedwali lako nalijua. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimeliona kwenye kuta za jimu hapa kisiwani Mombasa na kwenye simu za wagonjwa wangu. Ni la jeshi la nchi kavu la Marekani, safu ya wanaume wa miaka 17 hadi 21, na hizo namba ulizoziandika ni za kupata alama mia kwa mia. Kufaulu tu kulitaka pushapu 42, sitapu 53, na maili mbili, yaani kilomita 3.2, kwa dakika 15 na sekunde 54. Kwa hivyo vijana wako wamekuwa wakifukuzia kilele wakidhani ndicho kizingiti. Kipimo chenyewe kilianza 1980 na kikaachwa kabisa 2022.

Programu ya simu na ile video hazidanganyi, ila kila moja ni ya wakati wake. Majaribio sita ndiyo yaliyochukua nafasi ya yale matatu, na matano ndiyo yanayotumika tangu tarehe 1 Juni 2025. Ningeweza kukuandikia namba mpya ukazibandika palepale pa zile za zamani, lakini nitakuwa sijakusaidia kitu. Tuelewane kwanza kipimo kinauliza nini.

Kila kipimo cha mwili jeshini hujibu moja kati ya maswali mawili. La kwanza: je, huyu ana afya na anajitunza, ukizingatia umri na maumbile yake? La pili: je, huyu anaiweza kazi tutakayompa? Swali la kwanza linahitaji safu nyingi kwenye jedwali. Moyo wa mtu wa miaka 45 si wa miaka 20, na mwanamke kwa wastani ana misuli michache kifuani na mabegani, na hemoglobini yake, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, iko chini kuliko ya mwanamume. Ukiwapima wote kwa namba moja hutajua nani amejitunza na nani amezembea. Swali la pili halina safu. Majeruhi wa kilo 80 aliyelala barabarani hapungui uzito kwa sababu anayemvuta ni msichana, wala kwa sababu anayemvuta ana mvi.

Vurugu zote unazozisikia kuhusu viwango huzuka pale jeshi linapotunga kipimo cha swali moja kisha likagawa alama za lile jingine. Shika hilo, na historia yote itakueleweka.

Kipimo cha 1980 kilikuwa cha afya. Kilipendwa kwa sababu hakikutaka kifaa: ardhi, saa, na mtu wa kuhesabu. Kiliweza kufanywa Alaska au jangwani, kwa askari mia kwa asubuhi moja. Kwa viwango vyake vya mwisho, msichana wa miaka 17 hadi 21 alifaulu kwa pushapu 19, na mbio zake zilikuwa dakika 18 na sekunde 54. Sitapu zilikuwa 53 kwa wavulana na wasichana wa umri huo. Hapakuwa na dhuluma yoyote katika tofauti hiyo, kwa kuwa swali lilikuwa la afya. Kasoro ilikuwa kwamba makamanda walianza kukichukua kama ushahidi kwamba mtu yuko tayari kwa vita, jambo ambalo pushapu haziwezi kulithibitisha. Kijana mwepesi wa kilo 55 atakupigia pushapu 80 bila shida, kisha mpe mwenzake ambebe uone.

Kuhusu sitapu, hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yangu. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada aliyetumia miaka mingi kupima mzigo unaobebwa na uti wa mgongo, alionyesha kwamba sitapu moja hubana pingili za kiuno kwa nguvu ya takriban niutoni 3,300, sawa na kuwekewa uzito wa kilo 330 hivi. Fanya hesabu: mara 78, kwa dakika mbili, mgongo ukiwa umekunjwa, shingo inavutwa na mikono, na mtu amechoka hata hajali tena umbo. Kisha kesho tena. Zaidi ya hayo, misuli inayofanya kazi kubwa pale mwisho wa sitapu ni ile ya nyonga inayoinua paja. Tumbo katika kazi halisi halikunji mgongo. Linauzuia usikunjike wakati umebeba mzigo. Ndiyo sababu jeshi la wanamaji la Marekani liliingiza planki mwaka 2021, kule kujishikilia kama ubao juu ya vigasha, na Marine Corps, kikosi chao cha askari wa kushambulia kutoka baharini, wakaifanya ya lazima mwaka 2023. Jeshi la nchi kavu nalo lilipoachana na kipimo cha 1980, sitapu zikaenda nazo. Hao wawili wako wenye kiuno nitawarudia mwishoni.

Sasa yale majaribio sita. Yalitangazwa 2018 na yakawa kipimo rasmi Oktoba 2020. Kunyanyua chuma kutoka chini mara tatu, kurusha nyuma mpira wa kilo 4.5 juu ya kichwa, pushapu za kulala chini kabisa na kunyoosha mikono kabla ya kuinuka, mbio za kwenda na kurudi mita 250 ukiburuta na kubeba mizigo, kuning'inia kwenye bomba na kupeleka magoti hadi kwenye viwiko, na mwishoni zile maili mbili. Safari hii jeshi lilidhamiria kuuliza swali la kazi, kwa hiyo likafuta safu za jinsia na umri. Kazi nzito zilikuwa na kizingiti cha juu, kazi nyepesi cha chini, basi.

Wazo lilikuwa zuri, lakini ushahidi haukutosha. Wanawake wengi walishindwa kwenye lile jaribio la kuning'inia, na hakuna aliyeweza kueleza wazi ni kazi gani ya askari inayohitaji kupeleka magoti kwenye viwiko huku ukining'inia. Bunge la Marekani likadai uchunguzi huru. Taasisi ya utafiti ya RAND ikatoa ripoti Machi 2022 na kusema ushahidi haujaunga mkono kila jaribio sawasawa. Mwezi huohuo jeshi likaondoa kuning'inia, likaweka planki peke yake, na likarudisha safu za jinsia na umri. Unaona kilichotokea? Vifaa vilibaki vya swali la pili, alama zikarudi kwenye swali la kwanza. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kukaa.

Na hakikukaa. Aprili 2025 walitangaza yale matano: wameondoa kurusha mpira, mengine yamebaki. Alama za juu ni 500. Askari wa kawaida anahitaji 60 kila jaribio na 300 kwa jumla, na safu za jinsia zipo. Lakini kwa kazi 21 za mapigano, kama askari wa miguu, safu ya jinsia imefutwa na jumla ni 350. Septemba mwaka huohuo waziri wao wa ulinzi, Pete Hegseth, akatangaza kwamba kazi za mapigano katika majeshi yao yote zipimwe kwa kiwango cha wanaume. Kwa hiyo wasichana wako wamesikia kweli, na jedwali lako pia lilisema kweli. Nchi ileile, jeshi lilelile, maswali mawili.

Mimi nina neno langu kuhusu huu mpango wa 2025. Wameondoa jinsia lakini umri wameuacha. Askari wa mapigano wa miaka 45 anapunguziwa kizingiti kuliko wa miaka 20. Ikiwa hoja ni kwamba vita havibagui, basi na umri havibagui. Watetezi husema aliyezeeka jeshini huwa ni kiongozi, anabeba akili zaidi ya mizigo, na hilo nalikubali nusu. Lakini hapo umeshaacha kupima kazi. Umerudi kupima afya kwa mtu mmoja na kazi kwa mwingine. Msichana akiuliza kwa nini mwenziwe mwenye mvi anapunguziwa naye hapunguziwi, anastahili jibu lililo bora kuliko alilopewa.

Walioshika njia iliyonyooka zaidi, kwa maoni yangu, ni Kanada, na walifunzwa na mahakama. Tawney Meiorin alikuwa mzimamoto wa misitu kule British Columbia. Alikuwa ameshaifanya kazi na kuifanya vizuri, kisha kikaletwa kipimo kipya: kilomita 2.5 kwa dakika 11. Akachelewa kwa sekunde 49.4, akapoteza kazi. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimpa haki. Haikusema wanawake wapunguziwe. Ilisema mwajiri akiweka kizingiti, sharti athibitishe kwamba asiyekifikia kweli hawezi kuifanya kazi ile kwa usalama, na mwajiri yule alishindwa kuthibitisha. Hukumu hiyo ningependa kila anayeandika kiwango, awe wa jeshi, wa polisi au wa walinzi wa bandari, aijue.

Baada ya hapo huwezi kubuni namba kwa kukisia. Jeshi la Kanada likakusanya kazi halisi, likazipima, na mwaka 2014 likaleta majaribio manne: kukimbia kwa kasi vipande vya mita 20 huku ukilala chini na kuinuka mara kwa mara, kuinua gunia la mchanga la kilo 20 mara 30 kwa dakika tatu na nusu, kukimbia ukiwa umebeba gunia kisha bila gunia kwa zamu, na kuburuta magunia manne huku umekumbatia la tano. Kizingiti ni kimoja kwa kila askari, mwanamume kwa mwanamke, kijana kwa mzee. Halafu, na hili ndilo linalonifurahisha, anayetaka kutambuliwa kwa kuvuka kizingiti hulinganishwa na wa umri wake na jinsia yake. Swali la kazi limejibiwa kwa mstari mmoja, swali la afya kwa safu nyingi, na hakuna moja lililoingilia jingine. Waingereza nao mwaka 2019 waliacha pushapu na sitapu za dakika mbili kama kipimo cha kazi kwa askari wao wa mapigano wa nchi kavu, wakaleta matembezi ya mizigo, kuburuta majeruhi wa kilo 110 kwa mita 20, na kubeba madumu mawili ya maji, kila moja kilo 22, kwa mita 240.

Madumu ya maji, Kocha! Kitu ambacho Likoni hakikosekani kwenye kibaraza chochote.

Tuje kwetu sasa. Tangazo la usajili la KDF, jeshi letu la Kenya, hutaja uraia, umri, cheti, kimo, uzito na afya. Kwa miaka mingi kimo kimekuwa mita 1.60 kwa wavulana na 1.52 kwa wasichana, na uzito kilo 54.55 na kilo 50. Halitaji pushapu 71. Siku ya usajili uwanjani vijana hukimbizwa na kukaguliwa mwili, na anayefaulu hupelekwa shule ya makurutu Eldoret. Kwa hiyo kazi yako ni kumpeleka kijana Eldoret akiwa mzima na mwenye uwezo wa kuhimili miezi ya kwata, mbio na mizigo. Jedwali la Marekani halitamfikisha. Na Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa kule ni pungufu ya hapa Mombasa kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, na oksijeni inayoingia mapafuni hupungua vilevile. Kijana wa Likoni anayekimbia hapa akifika ukingoni kabisa mwa pumzi yake atateseka wiki za kwanza. Hawezi kuuzoea mlima akiwa pwani. Anachoweza ni kwenda na akiba.

Mimi ningepanga hivi. Mbio mara tatu kwa wiki, mbili za polepole ambazo wanaweza kuzungumza huku wanakimbia, moja ya kasi yenye vipumziko. Tumieni mchanga mgumu wa ufuo wa Shelly maji yakipwa, si ule mlaini wa juu unaovuta kano za kifundo, na msikimbie upande mmoja tu maana ufuo una mteremko. Mizigo mara mbili kwa wiki. Yale madumu ya lita 20 yana kilo 20 kila moja yakijaa. Simama katikati ya mawili, chuchumaa kidogo mgongo ukiwa umenyooka, inuka nayo. Ndivyo kinavyofanya kazi kile chuma cha pembe sita ambacho Wamarekani husimama ndani yake kwenye jaribio la kunyanyua: mzigo unakuwa ubavuni badala ya mbele ya miguu, na kiuno kinapumua. Kwa wiki za mwanzo jaza nusu, hasa kwa wepesi wa mwili. Kisha tembea nayo mita 50, pumzika, rudi. Tafuta tairi kuukuu la matatu na kamba, waburute kinyumenyume. Ukitaka kumwona kijana mwenye nguvu hasa za kazi, simama alfajiri soko la Kongowea uwatazame mahamali wanavyoinama na kuinuka.

Pushapu zibaki, mara mbili au tatu kwa wiki, seti fupi zenye umbo safi, kifua kifike chini. Msichana anayepiga kumi safi yuko mbele ya mvulana anayepiga 50 za kutikisa kichwa. Mpime kila mmoja dhidi yake mwenyewe wa mwezi uliopita, kisha siku moja kwa mwezi wape wote dumu lilelile na umbali uleule, bila safu. Hapo utakuwa umeuliza maswali yote mawili, na kila mmoja ataelewa anajibu lipi.

Jambo la joto nakusihi ulitilie maanani. Februari na Machi, kaskazi ikiwa inavuma na unyevu umejaa hewani, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mbio za saa nane mchana mwezi huo hazilinganishwi na za alfajiri ya Julai, hata saa ya mkononi iseme nini. Fanyeni kabla jua halijapanda. Kijana akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuwa mkali bila sababu, usimwambie ajikaze. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kusita; kupozwa kuanze papo hapo hata kabla gari la hospitali halijafika, kwa kuwa dakika hizo ndizo zinazookoa ubongo na figo.

Na pwani yetu ina watu wengi wanaobeba kijeni kimoja cha selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuumwa. Utafiti wa askari weusi wa Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha wabebaji hawakufa zaidi ya wenzao, lakini hatari ya seli za misuli kuharibika kwa zoezi kali ilikuwa juu kwa asilimia 54. Hiyo si sababu ya kumzuia mtu yeyote. Ni sababu ya kuongeza zoezi hatua kwa hatua, kunywa maji, na kumwamini kijana anaposema mapaja yamekaza ghafla. Akikojoa mkojo wa rangi ya chai baada ya mazoezi, hospitali siku hiyohiyo.

Sasa wale wawili. Waache sitapu kuanzia leo, na kuinua mizigo kutoka chini pia, kwa wiki mbili. Watembee kila siku, maana kulala kitandani huchelewesha kiuno. Wafanye planki fupi za sekunde kumi, mara tano au sita, wakipumzika katikati, na planki ya ubavu kwa kila upande. Maumivu yakipungua, warudi na dumu la lita tano. Lakini waulize leo jioni, kila mmoja peke yake ili wasioneane haya: je, maumivu yanateremka mguuni hadi chini ya goti? Kuna ganzi au mguu kulegea? Akijibu ndiyo, aje kliniki wiki hii nimwangalie. Na kama kuna ganzi mapajani kwa ndani au mkojo umekuwa mgumu kutoka au kuzuilika, huyo asingoje kliniki. Mvushe feri usiku huohuo umpeleke hospitali.